Meza Kumi na Nne, Sufuria Kumi na Nne

Kila Ijumaa asubuhi, kabla gari la barafu halijafika, vijana wa kampuni ya ghorofani wanateremka mpaka kwenye kibanda changu cha kahawa na karatasi mkononi. Wananisomea majina. Mimi nakoroga maziwa, nasikiliza, halafu nasema "pita" au nasema "rudi ukaandike upya." Nikisema rudi, wanarudi. Watu wana digrii, wana miwani minene kama vitako vya chupa, na wanapanda ngazi wameinamisha vichwa kwa sababu ya mwanamke aliyeacha shule darasa la tano. Watu wa uchochoroni wakiniuliza nafanya nao kazi gani, nawaambia mimi ni mkaguzi wa programu za kompyuta. Wanacheka. Wacheke tu. Anayecheka sana namjazia barafu, kahawa naweka ya kupakia rangi.

Naitwa Tam, yaani Nane. Mimi ni mtoto wa saba, lakini kwetu huku kusini mtoto wa kwanza anaitwa Mbili, kwa hiyo hesabu ndiyo hiyo, usinisumbue. Tena neno hilohilo vijana wa Saigon wanalitumia kwa maana ya kupiga umbea, basi nikijitambulisha ni kama nimekiri kosa. Sijawahi kukanusha. Ndiyo maana habari za Khue, yule binti wa kampuni hiyo ya ghorofani, nazijua zote, na nisizozijua nilimuuliza mpaka akachoka akanipa.

Khue kwao ni Ben Tre, kwenye minazi. Macho yalimwacha akiwa na miaka tisa, baada ya homa iliyomlaza wiki tatu. Wakamleta mjini kwenye nyumba ya watawa wanaolea vipofu, na kwetu kipofu akishakua anaulizwa swali moja tu: utakanda watu au utauza bahati nasibu? Akachagua kukanda. Alikanda migongo miaka saba, kitanda namba mbili, kwenye nyumba ya kukanda karibu na soko la Ba Chieu. Ana vidole, usicheze. Wapakizi wa mizigo walikuwa wanalia pale.

Sasa kule kwa watawa kulikuwa na kompyuta kuukuu inayoongea. Wenzake waliitumia kusikilizia nyimbo. Khue aliiharibu, akaogopa kusemwa, akaitengeneza kabla mtawa hajarudi kutoka sokoni. Ndipo alipoanza kuumwa ugonjwa huo. Akajifunza mwenyewe, akajifunza kwa walimu, akaomba kazi kampuni kumi na tisa. Kumi na nane zilimwambia watampigia simu. Ya kumi na tisa ndiyo hii iliyo juu ya duka la feni, mkabala na mimi, watu kumi na mmoja kwa jumla, wanatengeneza programu ya mikahawa: mhudumu anabonyeza simu, jikoni karatasi inatoka, chakula kinakuja. Mkubwa wao, Quyen, mtu mpole mwenye tumbo la wali wangu, akamwambia, "Miezi miwili ya majaribio, halafu tutaona."

Siku ya kwanza aliteremka na fimbo yake nyeupe, akakaa kwenye kiti changu kifupi cha plastiki, akauliza kwa adabu, "Samahani, nikuite dada au shangazi?"

"Dada!" nikasema haraka. "Mimi bado mbichi. Ungekuwa unaona ungeniita mdogo wangu."

Akanyoosha mkono kupokea glasi, vidole vyake vikanigusa kifundo cha mkono, akatulia kidogo kama anayeonja mchuzi. "Mkono huu una miaka hamsini na miwili."

Hamsini na miwili kamili! Mume wangu mwenyewe hajui. "Ukiutaja tena nakunyima barafu," nikamwambia.

"Sawa, daaada," akasema, na hiyo "dada" akaivuta ndefu mpaka mume wangu Ut, ambaye sikio lake la kushoto lilikufa zamani kwenye kiwanda cha kusaga vyuma, akaisikia akacheka. Tangu hapo nikampenda yule mtoto.

Kahawa ya saa nne huwa naipeleka juu mwenyewe, kwa hiyo nilikuwepo siku ile Toai alipomchokoza mara ya kwanza. Toai ndiye tausi wa pale. Ana miaka sita kwenye kampuni, programu yote ameijenga yeye tangu msingi, na nywele anazipaka mafuta. Aliona laptopu ya Khue skrini nyeusi tii, akasema kwa sauti ya kila mtu asikie, "Bibie, mashine yako imezima."

"Haijazima, kaka Toai," Khue akajibu bila kugeuka. "Ni wewe tu unayehitaji taa."

Ofisi nzima ikacheka. Mimi nilimwaga kahawa.

Khue anafanya kazi kwa sikio. Kuna sauti ya mwanamke ndani ya kompyuta, inamsomea kila kinachoandikwa, tena kwa mbio. Nilimpa jina Bi Haraka. Siku moja Khue alinipa kidude kimoja cha sikioni nisikilize, nikasikia kama vitunguu vimetupwa kwenye mafuta ya moto, basi.

"Huyu anasema nini?" nikauliza.

"Anasoma msimbo." Msimbo ni yale maandishi wanayoandika ili kompyuta ijue la kufanya. "Wa kwangu nasoma hivyohivyo kwa mbio. Wa kaka Toai ndio unaniua. Subiri nimpunguze mwendo."

Akampunguza. Bi Haraka akasema kwa utulivu, "Nyota nyota nyota nyota nyota nyota." Nikakoroga kahawa ya watu wawili. "Nyota nyota nyota." Nikapokea mteja, nikamrudishia chenji. "Nyota nyota."

"Anahesabu mbingu?"

"Ni pambo, dada. Kaka Toai ameweka nyota themanini juu na themanini chini, katikati kaandika jina lake. Anayeona anapitisha jicho mara moja. Mimi nazisikia moja moja." Akasogeza mbele. Bi Haraka akaanza tena, "Nafasi nafasi nafasi nafasi nafasi." "Na hizo ni nafasi tupu. Anazijaza ili mistari isimame wima kama gwaride. Inapendeza kwa macho. Halafu ukitoka hapo unakutana na majina. Kila kitu kwenye programu kina jina, na yeye anayakata majina mpaka yanabaki mifupa, utadhani herufi zinauzwa kwa kilo."

"Si umwambie?"

"Nilimwambia. Kaniambia msimbo ni wa kusomwa kwa macho, na miaka sita hajalalamika mtu."

Hayo yalikuwa maneno ya wiki ya tatu. Wiki ya tano, siku ya Jumatano, ndipo mambo yalipoharibika.

Kuna mkahawa wa mbuzi kando ya mfereji, wa bwana Sau, mteja wao mkubwa. Pale watu wanakula supu ya mbuzi kwenye sufuria inayochemkia mezani juu ya makaa. Sufuria moja watu wanne wanashiba. Sasa mchana ule ilikuja familia ya watu watatu, wakakaa meza ya tatu, wakaagiza sufuria moja, halafu babu yao akasema jua linampiga, wahamishwe. Mhudumu akabonyeza simu, akawahamishia meza ya kumi na nne. Jikoni karatasi ikatoka: meza kumi na nne, sufuria kumi na nne.

Wapishi hawakuuliza. Walifurahi, walidhani kuna harusi. Wahudumu wakatoka kwa mstari, sufuria mbele sufuria nyuma, moshi juu, zikawekwa mezani, zikajaa, zikawekwa kwenye viti, zikawekwa sakafuni. Yule babu ana miaka themanini na kitu. Alipoona vile akaamini wanawe wamemfanyia sherehe ya siri ya kuzaliwa. Akaanza kulia. Akasimama akatoa hotuba. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia ukweli, na bwana Sau mwenyewe alipiga makofi huku amekaza meno.

Baada ya makofi akapiga simu. Mimi nilikuwa ngazini na sinia, na sauti yake niliisikia kutoka huko ngazini, naye alikuwa ndani ya simu ya Quyen.

Quyen alipokata simu akasema huku anatazama sakafu, "Khue, mdogo wangu, sehemu ya kuhamisha wageni meza uliiandika wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Bwana Sau anataka programu safi Ijumaa saa sita mchana, la sivyo anatuacha. Litafute hilo kosa. Usipolipata, nitampa Toai aifute sehemu yako aandike upya, na majaribio yako itabidi tuyaishie hapo. Siwezi kumtetea mtu wa majaribio mbele ya mteja kama huyu."

Toai alijipitisha tu mkono kwenye nywele, kama mtu anayejipongeza.

Alhamisi nzima Khue alikaa kibandani kwangu, kwa sababu juu walikuwa wanamtazama, na kutazamwa anakusikia. Alisikiliza msimbo wake mara tatu, Bi Haraka akitembea pole kama bibi harusi. Glasi yake ya chai ya barafu iligeuka maji.

"Kila mstari unasema sawa," akaniambia. "Nimeuliza meza, imejibu meza. Nimeuliza idadi, imejibu idadi. Sisikii kosa, dada."

"Na ukikosa?"

"Kitanda namba mbili bado kinanisubiri. Mama mwenye nyumba aliniwekea miezi miwili, alisema wenye macho watanichoka mapema." Akavikunja vidole vyake, akavikunjua. "Si kwamba kukanda ni kubaya. Ila pale migongo yote inasema kitu kimoja."

Nikambadilishia chai.

Ijumaa sasa. Asubuhi kibanda kimefurika. Khue yuko meza ya kwanza karibu na boksi la barafu, vidude masikioni. Quyen na Toai wako meza ya nne wanakula wali wa chenga na nguruwe wa kuchoma, na Toai ananipungia mkono anataka kahawa. Nikamwelekezea Ut kwa kidevu, nikapiga kelele kwa lugha yetu, "Bàn nne, kahawa!" yaani meza ya nne. Wakati huohuo ikapita pikipiki ya kubeba mabomba ya chuma, mabomba yanaburuzwa kwenye lami, kelele tupu.

Ut akaja na glasi nne. Akazipanga mbele ya Toai kama askari.

"Kaka Ut," Toai akasema, "mimi ni mtu mmoja."

"Bosi kasema nne."

"Nani kasema nne?" nikawaka. "Nimesema meza ya nne! Bàn! Meza! Sikusema bán! We mwanamume, sikio lako moja limekufa, na hili lingine limelala?"

"Umesema bán. Uza nne. Nimeuza nne."

"Bàn!"

"Bán!"

Hapo nikaona Khue amenyooka mgongo kama mtu aliyemwagiwa barafu. Akang'oa vidude masikioni. "Dada, rudia."

"Nirudie nini, matusi?"

"Hayo maneno mawili."

Nikarudia kwa furaha yote, uchochoro mzima ukasikia.

Hapa lazima nikueleze, maana hii ndiyo sehemu yangu na siwezi kuipitisha haraka. Kwetu neno ni wimbo. Chukua hili "ban." Ukiliteremsha, bàn, ni meza. Ukilipandisha, bán, ni kuuza. Ukilikata ghafla kama umekanyagwa kidole, bạn, ni rafiki. Na ukiliacha limelala chali bila kupanda wala kushuka, ni kamati. Kwenye maandishi tunaweka vialama juu na chini ya herufi ili msomaji ajue. Lakini watu wa kompyuta, kwa uvivu waliourithi sijui kwa nani, wanaandika majina yao bila vialama. Ni kama mtu akuandikie "paa" peke yake, halafu ujue mwenyewe kama ni la nyumba, ni mnyama wa porini au ni kumkwangua samaki. Anayeona anakisia kwa kutazama huku na huku. Bi Haraka hakisii. Bi Haraka anakusomea kilichoandikwa, kimelala chali.

Khue akaanza kuutembea msimbo herufi moja moja, kidole kimoja kwenye kibonyezo. Midomo inacheza. Halafu akasimama.

"Kaka Toai," akaita kutoka meza ya kwanza, "namba ya meza uliipa jina gani?"

"soBan."

"Na idadi ya vilivyouzwa?"

"soban."

Kwetu "so" ni namba. Nikamtazama Ut, Ut akanitazama. Sisi wote wawili tulisikia kitu kimoja, tena mara hii hapakuwa na mabomba.

"Umetoa majina mawili yanayofanana?" Khue akauliza.

"Hayafanani. Moja lina B kubwa, lingine b ndogo."

"Na kwa sikio?"

Toai akatafuna wali.

"Kwa sikio yote ni kamati," Khue akasema. "Wiki tano nimekuwa nikihamisha kamati kutoka kamati moja kwenda kamati nyingine." Akacheka kidogo, halafu akaacha. Akageukia alikokuwa Quyen. "Nimelipata, kaka Quyen. Wageni wakihama, panapotakiwa idadi ya sufuria, mimi nimeweka namba ya meza. Kosa ni langu."

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Niachie mguu wangu, dada. Kosa ni langu, nimeliandika mimi."

"Si nilisema!" Toai akaweka kijiko. "Si nilisema jamani? Msimbo ni wa macho. Simsemi mtu vibaya, lakini ni wa macho."

Khue akafunga laptopu taratibu. Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko ya kwangu siku yoyote. "Saa sita bado mbali. Kurekebisha ni dakika mbili. Nipe dakika tano zako, kaka Toai. Nitakusomesha msimbo wako mwenyewe kwa masikio, wewe uniambie tu unachosikia ni nini. Ukiweza, naondoka mwenyewe leo, wala kaka Quyen asijisumbue kuniambia."

"Khue!" nikasema.

"Na nisipoweza?" Toai akauliza, lakini tayari anatabasamu, maana kibanda kizima kimegeuka, na yule hawezi kukataa jukwaa.

"Usipoweza tutaongea."

Nikafungua skafu yangu ya drafti shingoni, nikamfunga Toai macho mwenyewe, nikakaza kidogo zaidi ya inavyotakiwa. "Dada Tam, inanuka samaki!" "Ni manukato yangu, kaa kimya." Khue akafungua laptopu, akachomoa waya wa vidude, Bi Haraka akatangaza kwa kibanda kizima.

"Nyota nyota nyota nyota nyota."

"Ruka hizo," Toai akasema.

"Nizirukeje? Sijui zinaishia wapi."

Watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, kama Tet, mwaka mpya wetu, inakaribia. Thelathini. Arobaini na tano. Muuza bahati nasibu akasimama akajiunga. Walipofika themanini wakapiga makofi, na Bi Haraka akasema jina la Toai, na watu wakapiga makofi tena, na Bi Haraka akaanza nyota themanini nyingine. Masikio ya Toai yakawa mekundu pande zote mbili za skafu yangu.

"Nafasi nafasi nafasi nafasi." Zikapita hizo. Halafu, "d s ban."

Khue akasimamisha. "Hiyo ni nini?"

"Rahisi. D s ni orodha. Orodha ya meza."

"Una hakika?"

"Nimeiandika mimi!"

"Fungua macho."

Toai akavuta skafu, akainama kwenye skrini ambayo Khue alimwashia kwa heshima yake. Akatazama. Akapandisha ukurasa juu. Akapandisha tena juu. Akashuka. Akapanda.

"Ni... marafiki," akasema taratibu. "Orodha ya marafiki. Wale wateja wa kila siku wa mkahawa, tunawaita marafiki."

Kibanda kikalipuka. Ut, ambaye hakusikia, alicheka kwa kuona wenzake wanacheka. Lakini Quyen hakucheka. Alisogeza kiti chake akauliza, "Toai, subiri. Macho ulikuwa umeshafungua. Mbona umepanda juu?"

"Kutazama ni ban gani."

"Huwa unapanda juu?"

Toai akajikuna. Mafuta yote ya nywele yakamhamia vidoleni. "Kila siku," akasema. "Kila siku napanda kutazama. Nilidhani ni mimi tu ninayesahau."

"Mimi pia napanda," Quyen akasema, kama mtu anayetubu. "Miaka sita."

"Miaka sita hajalalamika mtu," nikawakumbusha mimi, maana nafasi kama hiyo haiji mara mbili. "Mlikuwa wote mnapandapanda kimyakimya kama nyani, kila mmoja akidhani mjinga ni yeye peke yake."

Khue akarekebisha. Ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kuosha glasi tatu. Quyen akatazama saa, akasimama. "Twendeni wote kwa bwana Sau, tukajaribu mbele yake. Tunakaa, tunahama, tunaagiza moja. Ikija moja, Khue ni wa kwetu, majaribio yamekwisha. Zikija nyingi..." Akalipia wali wake.

Nikafunga kibanda. Tangu Tet sijafunga mchana, lakini siku ile ningefunga hata kinywa. Tukaenda na pikipiki, watu kumi na watatu, Khue nyuma ya Ut, laptopu mapajani kama mtoto mchanga.

Tukakaa meza ya pili. Quyen akaagiza sufuria moja. Halafu akasema jua linampiga, na jua wala halikuwepo. Mhudumu akabonyeza, tukahamia meza ya kumi na nne, tumebanana mpaka Toai amekalia ukingo wa chungu cha maua. Bwana Sau amesimama pale, mikono kifuani.

Tukasubiri. Khue kaelekeza sikio jikoni. Mikono yake iko juu ya meza, vidole vimetulia kabisa, na mimi navijua vile vidole, havitulii hivyo isipokuwa vimeogopa.

"Anakuja," akanong'ona. "Mmoja. Anachechemea."

Kweli, mhudumu akatokea, anachechemea, sufuria moja moshi juu. Akaiweka. Nyuma yake akatokea mwingine na sufuria! Roho yangu ikanifika puani. Akaja, akaja, akapita, akaenda meza ya sita. Nyuma yake hakuja mtu. Bwana Sau akaenda mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, akachungulia, akarudi.

"Na zingine?" Khue akamuuliza.

"Zingine zipi?" bwana Sau akasema. "Umeagiza moja." Kisha akatikisa kichwa. "Yule babu kapiga simu jana. Anataka kuja tena mwakani, siku ileile, sufuria zilezile."

Khue hakupiga kelele wala nini. Alitoa simu, akapiga, akasema, "Mama, kitanda namba mbili mpe mtu mwingine. Ndiyo. Hapana, hawajanichoka." Akaweka simu mfukoni, akapapasa meza akitafuta vijiti vya kulia.

"Jumatatu," Quyen akasema, "wewe na Toai mnaanza kuandika majina yote upya. Maneno kamili, vialama vyake vyote, Bi Haraka ayaimbe kama mtu. Nafasi za gwaride nje. Nyota nje."

"Zote?" Toai akauliza.

"Zote."

"Hata za juu ya jina langu?"

"Mwachie moja, kaka Quyen," Khue akasema. "Nyota moja naweza kuivumilia."

Toai akalisogeza bakuli lake, akamwekea Khue kipande cha nyama kabla hajajiwekea mwenyewe. "Na tutajuaje kama jina limeeleweka?" akamuuliza. "Mimi sijiamini tena."

"Tutamsomea dada Tam. Hana shule, ana kelele, na anasikiliza katikati ya pikipiki mia. Likimwingia yeye, litamwingia yeyote."

Nikasema hilo ni tusi, na cheo nimekipokea.

Sasa fikiria mwenyewe: sufuria moja, watu kumi na watatu. Nyama ilipita mezani mara moja, haikurudi. Mimi nilipata mfupa na kipande cha gimbi. Toai akalamba kijiko, akasema, "Khue, mdogo wangu, si ungelirekebisha lile kosa baada ya chakula?"

"Tuongeze moja," Quyen akasema, anacheka mpaka tumbo linagonga meza. "Kaka Ut, wewe uko karibu na jikoni, waambie: meza ya kumi na nne, sufuria nyingine."

Ut akageuka, akajaza hewa kifuani, akaguruma kuelekea jikoni, sauti imepanda juu kabisa:

"Bán kumi na nne!"

Watu kumi na wawili tukasimama kwa pamoja, viti vikaanguka, na aliyepiga kelele kutuzidi sote alikuwa Toai, shingo imetoka mishipa:

"BÀN! BÀN! MEZA!"